Koti la Kishindo

Mimi ni fundi viatu, na kwa miaka kumi na saba nimegawana baraza moja na fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Bi Futi. Jina hilo hakupewa bure. Futi ya kupimia haimtoki shingoni. Ameenda nayo hospitali, ameenda nayo harusini, na siku moja alikwenda nayo kupiga picha ya kitambulisho, ndiyo maana kwenye kitambulisho chake anaonekana amevaa mkufu wenye namba. Yeye hukaa upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, katikati yetu birika la chai. Tunagombania redio kila siku na hatujawahi kununiana mpaka jioni.

Mteja anayekuja kwake kwa mara ya kwanza hudhani ameingia mahali pa mazoezi. Hapimwi kwanza. Anaambiwa keti, anaketi. Chuchumaa, anachuchumaa. Inua mikono. Kisha anaulizwa kazi yake, na aifanye pale pale mbele yetu. Nimeona mwalimu akiandika hewani na mpishi akikoroga sufuria isiyokuwepo. Nimemwona pia mheshimiwa mmoja na tumbo lake: alipoulizwa kazi yake ni ipi hasa, alisimama akifikiri mpaka chai yangu ikapoa.

"Nguo haivaliwi na sanamu," Bi Futi husema. "Mwili ukitembea ndipo utajua kama fundi alikuwa fundi."

Mtoto wa kumzaa hana. Ana mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake mitano. Huyo ndiye Mchoraji. Kwa miaka ishirini na miwili alichora katuni ya Kishindo kwenye ukurasa wa mwisho wa gazeti la Jumamosi, visanduku vinne kila wiki. Kama hukuwahi kuisoma, pole, nitakueleza. Kishindo ni mwanamke mrefu, mwenye pua ya kujitegemea na koti la kijani linalomfika vifundoni. Kwenye mifuko ya koti hilo hutoa chochote: kamba, spana, hata kitunguu. Wezi wa mabati, matapeli wa viwanja, wanaume wanaopiga wake zao, wote waliipata habari yake. Kisanduku cha nne kikifika, Kishindo alikuwa anakujia wewe msomaji, guu juu, koti limepaa. Watu wazima na heshima zao walianza gazeti kwa nyuma, halafu wakajifanya wanasoma habari za uchaguzi.

Mwaka jana mkono wa Mchoraji ulianza kutetemeka. Alijikaza miezi kadhaa. Kisha Jumamosi moja Kishindo akatoka na macho yasiyolingana, na Mchoraji akaifungia kalamu yake kwenye droo. Hakulalamika. Alikuwa anakuja tu barazani kwetu, anakaa, anatazama viatu vya watu. 

Kwa hiyo watu wa filamu walipokuja kuomba wamtie Kishindo kwenye sinema, uso wake ulirudi. Alikubali kwa sharti moja, nalo ni koti.

"Bila koti huyo si Kishindo," alisema. "Ni mwanamke mwingine tu mwenye hasira."

Mwongozaji wa filamu, mama mmoja mwembamba anayeongea huku akitazama saa, yeye alishaandaa nguo nyeusi ya kubana, inayong'aa. "Mwigizaji wangu ataruka ukuta, atapiga mateke," alisema. "Koti refu litamwangusha." Walivutana asubuhi nzima hapo barazani, chai yangu ikiisha. Mwishowe wakaandikiana: Bi Futi ashone koti, lijaribiwe Alhamisi ya wiki ya pili, siku ya kwanza ya kupiga picha. Likimfaa mwigizaji, sawa. Likishindikana, atavaa ile ya kubana, na Mchoraji hatakuwa na neno tena.

"Dada," Mchoraji alimwambia Bi Futi walipoondoka, "sasa Kishindo yuko mikononi mwako. Yangu unaiona."

Bi Futi alipiga moyo konde. Alitoa kabatini madaftari saba alimobandika katuni zote, tangu ile ya kwanza, akayapanga juu ya meza ya kukatia. Mdogo wake akaketi ubavuni akihakiki: vifungo sita, kola pana, mfuko wa kushoto mkubwa kuliko wa kulia. Cherehani ililia siku tisa. Mimi nilipewa kazi ya buti, na naomba ieleweke mapema kwamba buti hazikuwa na kosa lolote.

Siku ya tano niliuliza, "Huyo mwigizaji anakuja lini kupimwa?"

Bi Futi akanitazama juu ya miwani. "Vipimo vyake wamevileta kwenye karatasi. Na Kishindo nimemjua miaka ishirini na miwili, nimpime nini tena?"

Nikanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Alhamisi tulifika kwenye bohari waliyokodi kwa ajili ya filamu, na madaftari yote saba tumeyabeba. Mwigizaji alikuwa binti mchangamfu, aliyewahi kufanya sarakasi. Alivaa koti, akafunga vifungo sita, akageuka akatutazama na mikono kiunoni, na watu wote wakapiga makofi. Mchoraji alisimama. "Ni yeye," alisema, "ni yeye kabisa," na nadhani kama siku ingeishia hapo ingetosha.

Halafu wakamwambia apige teke. Mguu ulipanda, ukafika usawa wa goti, koti likakataa. Binti akaenda chini kifudifudi.

"Sijaumia!" alisema akicheka. Akajaribu tena kwa nguvu zaidi, na safari hii mshono wa kwapa ulilia hadi mlangoni. Kwenye karatasi, unajua, mguu haupandi. Kisanduku cha tatu uko chini, kisanduku cha nne uko juu, na ulipitaje hapo katikati hakuna aliyewahi kuuliza.

Mwongozaji akatazama saa. "Leteni ile nyeusi."

"Niachie mpaka saa nane," Bi Futi akasema.

"Saa nane ndipo kamera inawashwa, mama. Litakuwa tayari au halitakuwa, mimi sisubiri."

Ilikuwa saa tano. Bi Futi aliketi juu ya kasha, koti mapajani. "Wote nimewafanya wachuchumae, Fundi," akaniambia. "Hata mheshimiwa. Huyu mmoja nikamshonea kama sanamu." Kinyozi hajinyoi, na mimi niliyekuwa na wembe nilinyamaza siku ya tano. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema tutagombana baadaye, sasa nimtafutie chaki.

Akamwita binti, akamvisha koti. "Keti." Akaketi. "Chuchumaa. Inua mikono. Haya, kazi yako nini?"

"Kupiga mateke, mama."

"Basi ifanye kazi yako."

Binti alipiga mateke hewani mpaka jasho likamtoka, na Bi Futi akimzunguka kwa magoti, futi shingoni, akitazama kitambaa kinapokaza. Alipofika nyuma alisimama. Akachora mstari mmoja wa chaki kutoka kiunoni hadi pindoni, akamvua binti koti, akashika mkasi.

"Hapa. Mpasuo, na rinda la ndani la kuufunika. Kwapani nitaongeza vipande."

Mchoraji akaruka kutoka kitini. "Hapana! Kishindo hana mpasuo. Nimemchora mara elfu moja na zaidi, dada, hana mpasuo! Ukilipasua si koti lake tena. Afadhali wachukue ile ya kubana, nijue wamemuua wao, si wewe."

Watu wa taa wakaacha kuzungusha nyaya zao. Bi Futi akauweka mkasi chini taratibu. Niliogopa, kwa sababu nimemzoea akiutupa.

"Koti hili ulilitoa wapi?" akamuuliza mdogo wake.

"Kichwani kwangu."

"Na kichwani kwako liliingiaje?"

Mchoraji akaipapasa kola ile pana.

"Ni koti la mama," Bi Futi akasema. "Nililipunguza mabega nikalivaa mimi. Nililivaa nikikupeleka shule kwa baiskeli, na nikitoka hapo napeleka nguo za wateja. Baiskeli ya kiume, yenye bomba la juu. Koti la kufika vifundoni na bomba la juu, mdogo wangu, unadhani nilikuwa napandaje?"

Mchoraji akainua mguu mmoja kama anayepanda baiskeli, akaushusha.

"Nililipasua nyuma kwa mkono wangu, kutoka kiunoni mpaka chini, nikatia rinda. Nikisimama, rinda linafunga, huoni kitu. Linafunguka nikipanda tu. Na nikipanda, wewe unakuwa umekaa kwenye bomba, unatazama barabara. Mpasuo ulikuwepo siku zote. Wewe ulikuwa unakaa mbele."

Nilichukua daftari moja nikalipekua, nikachukua la pili. Katika miaka ishirini na miwili hakuna kisanduku hata kimoja kinachomwonyesha Kishindo mgongoni.

"Nilidhani hujui kwamba ni wewe," Mchoraji alisema kwa sauti ndogo.

"Na pua hii? Kila Jumamosi nilikuwa najiona nikitandika watu."

"Mbona hukusema?"

"Ungeona haya, ungempunguza pua. Na mimi nilikuwa nafurahi sana, nikuambie ukweli. Kwa nini unadhani nilizibandika zote?"

Mchoraji alijifuta macho kwa mkono wa shati. Akapiga magoti, akalishika pindo la koti kwa mikono yote miwili ili kitambaa kisimame wima. "Kata, dada." Mikono ilimtetemeka na pindo likatetemeka nayo, na Bi Futi akakata hivyo hivyo, bila kumwambia aachie. Ukilitazama koti lile leo utaona mpasuo wake umepinda kidogo kwa chini. Alikataa kuunyoosha.

Saa nane kasoro dakika chache Bi Futi akakata uzi wa mwisho, na binti akavaa tena. Akasimama, koti likatulia, rinda limefunga, hakuna mpasuo. Mwongozaji akasema anza. Mguu ukapanda, ukapita goti, ukapita kiuno, ukafika kule kwenye kisanduku cha nne, na koti likapaa juu yake lote. Tapeli wa filamu akaanguka kabla hajaguswa. Mwongozaji alisahau kutazama saa, akasema tu, "Tena." Walirudia mara sita, na kila mara watu wa taa walipiga kelele wakati hawakutakiwa.

Jioni, kabla hawajafunga vyombo, Mchoraji alimwendea mwongozaji. "Naomba picha moja ya nyuma," alisema. "Akiwa juu ya baiskeli, anakwenda zake."

Baiskeli ya mlinzi wa bohari ilikuwepo, ya kiume, yenye bomba la juu. Binti akapanda, rinda likafunguka, akaukata uwanja mzima hadi getini, kijani kikipepea pande zote mbili za gurudumu. Tulikusanyika kuitazama picha hiyo kwenye kioo kidogo cha kamera. Mchoraji aliomba irudishwe mara tatu, na mara ya tatu akamshika dada yake mkono.

"Kumbe hivi ndivyo walivyokuwa wanakuona watu tuliowapita," alisema.

"Tuliwapita wachache," Bi Futi akamjibu. "Ulikuwa mzito."