Kitanzi Kisichokaza

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliishia darasa la nne, lakini ukinywa maji ya kisima popote kati ya Kilosa na Mikumi, elewa kwamba huenda umekunywa jasho langu.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Munisagara. Fundi Mkuu, mzee asiyejua kucheka, alitelemsha koroboi shimoni kwa kamba kabla yangu. "Ikizimika, na wewe unazimika," akasema. Chini ya ardhi kuna hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, inatuama shimoni kama maji. Kwa hiyo asubuhi unashusha taa, na ukitoka kula unaishusha tena.

Baadaye nikapelekwa Mikumi chini ya Bwana Maji, mtu wa ofisi mwenye buti safi. "Cheti huna, lakini una pua ya kunusa maji," aliniambia. Basi nikajiona mfalme. Nikaacha kuajiriwa, nikanunua roda yangu, lile gurudumu la kupitishia kamba, na nyumba nikaezeka bati.

Ndiyo maana binti yangu Neema alipojiunga na chama cha wasichana shuleni kwao, nilicheka. Skafu shingoni, filimbi, Jumamosi nzima wanafunga mafundo!

"Mtoto wa mchimba visima unafundishwa kamba na mwalimu?"

"Baba, fundo lako linakaza. Likimshika mtu kifuani linamnyonga."

"Ndilo linalokulisha."

Akarudia kufunga mafundo yake.

Tulikuwa tunachimba Masanze, futi thelathini na mbili, siku Neema aliponiletea chakula, akiwa na wenzake wawili wa chama, skafu zao shingoni. Nikala, nikajisifu sana. Halafu nikashuka bila taa. Niseme ukweli: niliona aibu kushusha koroboi mbele ya watoto, kama fundi mgeni.

Sururu ikawa nzito. Nikadhani ni ugali. Masikio yakavuma. Nikataka kuita, ulimi ukagoma. Juu, mdomo wa kisima ulikuwa mdogo kama sahani, nao ukazidi kufifia. Niliogopa, ndugu zangu. Niliogopa mpaka nikamwita marehemu mama yangu moyoni.

Nikamsikia shemeji yangu Chande, mvuta kamba wangu: "Anakufa! Nishusheni!"

"Mjomba, usishuke!" Hiyo ni sauti ya Neema.

"We mtoto, baba yako yuko chini!"

"Najua. Ukishuka tutazika wawili. Shika kamba, usubiri filimbi."

Kamba ikaja na kitanzi. "Baba! Pitisha kichwa na mikono, kikae kwapani!"

Kile kitanzi nikakiogopa kuliko hewa. Niliwahi kumtoa mbuzi kisimani kwa fundo langu, akafika juu amekwisha kunyongwa. Nikabaki nimekishika tu.

"Baba, safari hii nisikilize mimi!" Alikuwa analia.

Nikakivaa. Filimbi ikalia, wakavuta. Ikalia, wakavuta. Nilikuwa nangoja mbavu zibanwe, lakini kitanzi kilibaki vilevile, kipana, kimenibeba kama mtoto mgongoni. Juu wakanilaza ubavu, Neema akahesabu pumzi zangu kwa sauti.

"Shemeji, umejikojolea," Chande akasema, machozi yanamtoka.

"Ni maji ya kisima," nikamjibu.

Sichimbi tena. Kifua hakitaki, na shimo la choo tu nikilipita nanyata. Watu huniuliza, hicho chama cha wasichana kina faida gani zaidi ya kuimba na kupiga gwaride? Nawaambia: wale watatu hawakufikia nguvu za Chande, lakini Chande, kwa upendo wake, angekufa juu yangu. Wao wamefundishwa kuogopa bila kukimbia, na kusikiliza filimbi moja. Mimi na ujuzi wangu wote hilo sikuwa nalo. Mwenye binti amwandikishe.

Nilimuuliza Neema nimpe nini. Hakutaka gauni. Akataka kamba mpya za katani na skafu kwa kikosi kizima. Nikaenda mwenyewe dukani Kilosa mjini, na mimi ninayebishania hata bei ya kiberiti, nikalipa kimya: shilingi laki moja, elfu themanini na nne, na mia tano.