Nusu ya Maneno ya Roda

Roda aliuza mchele wa Kamsamba pale Tunduma kwa miaka kumi na tisa, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko mizani yake. Wazambia waliovuka mpaka walimwamkia "mulishani mayo", naye aliwaitikia kwa Kibemba, kisha akawakatalia bei kwa Kiswahili. Jambo moja tu lilimnyamazisha: kaka yake, Sadoki.

Mwaka mmoja wa mafuriko, watoto wawili walipotelea mtoni Momba, kule kwao Msangano. Mwenye akili angeulaumu mto. Watu wakamlaumu Sadoki, kwa kuwa alikuwa mrina asali, mtu wa peke yake, asiye na mke wa kumsemea. Wakasema hugeuka dude lenye mapezi mgongoni. Lisemwalo lipo, walisema, na aliyeuliza lipo wapi aliambiwa anyamaze. Wakamfukuza kwa mawe. Mwaka uliofuata malaria ilimuua akiwa Kamsamba, akazikwa na watu wasiomjua.

Tangu hapo Roda alitaka kitu kimoja: udongo wa kaburi lile uletwe Msangano, uzikwe kando ya baba yao. Mzee Anyelwisye, mkuu wa ukoo, alikataa miaka yote. Mwaka 2013 akalegea. Alisema Roda aje baada ya mavuno, kikao kitamsikiliza.

Ndipo akatokea Lwitiko, mtoto wa binamu yake, ametoka chuo Dar es Salaam. Yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza mchezo wa mezani. Watu hukaa, huyu anajifanya shujaa, yule mganga, mmoja anasimulia safari yao, na dadu ndizo zinazoamua nani apone na nani afe. Mchezo ulihitaji kitabu cha madude, kila dude na picha yake, nguvu zake na habari ya lilikotoka. Lwitiko alikuwa amechoka na madude ya Wazungu. Akamwomba shangazi habari ya Sadoki, akaapa kuiandika kama ilivyokuwa, ili wasomaji wajue kwamba dude lile lilitungwa na waoga.

Mtoto huyu Roda alimbeba mgongoni akiwa mchanga. Angeanzia wapi kumshuku?

Akasimulia kwa adabu ya kwao. Katika ukoo ule, anayemtetea mtu huanza na maneno ya mshtaki. Huyasema yote kwa kinywa chake, bila kuyapunguza wala kutia "wanasema", kana kwamba ni yake. Akimaliza hunywa maji, ndipo hutoa ya kwake, na hakuna wa kulalamika kwamba hakusikilizwa. Basi Roda, mbele ya simu ya Lwitiko iliyokuwa inarekodi, alisema kaka yake alikuwa dude. Alitaja mapezi, akataja wale watoto wawili kwa majina, machozi yakimtoka. Akanywa maji. Kisha kwa saa nzima akabomoa neno moja baada ya jingine. Siku watoto walipopotea, Sadoki alikuwa amelala nyumbani kwa Roda, Tunduma, mguu umevimba, hawezi hata kwenda chooni. Lwitiko aliitikia kwa kichwa muda wote. Naye amekulia Msangano, desturi ile aliijua kabla hajajua kuandika.

Mavuno yalipokwisha, Roda akaenda Kamsamba, akachota udongo, akaufunga kwenye kanga mpya, akaupeleka Msangano. Alikuta kikao kimeshakaa. Anyelwisye alikuwa na kitabu mapajani. Lwitiko alikuwa amewagawia vijana wa nyumbani nakala, kwa majivuno yake.

Mzee akamfunulia ukurasa. "Sadoki wa Momba." Meno, mapezi, na idadi ya mapigo ya kumuua. Chini yake palikuwa na habari ya dude, maneno ya Roda mwenyewe, hakuna lililoongezwa, mpaka pale alipokunywa maji. Hapo yakakoma. Mwishoni waliandika: kama ilivyosimuliwa na dada yake, Roda.

"Sisi tulikuwa tunasema tu," Anyelwisye alimwambia. "Wewe ndiye uliyekiri."

Roda akaeleza kwamba hiyo ilikuwa nusu tu ya maneno yake. Mzee hakuwa mtu mbaya. Alisema ya leo Roda angeweza kuyasema kwa sababu amebanwa, lakini kama siku ile aliendelea baada ya maji, auletee ukoo sauti ile na wao wataisikiliza.

Roda akampigia Lwitiko palepale, simu ameiweka sauti ya juu, akamuuliza mbona kitabu kiliishia kwenye maji.

"Shangazi, dude lisilo na hatia halichezeki," Lwitiko alisema. "Wachezaji watampigaje mtu mwema?"

Roda alisema hilo watazungumza siku nyingine. Alitaka ile nusu ya pili.

"Nilibakiza ile ya kwanza. Nyingine niliifuta, simu ilikuwa imejaa."

Wazee wote walisikia. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu hata kwenye nguo hakuwa, alikuwa mgongoni mwake. Roda aliumia kuliko siku ya mawe, kwa sababu siku ile waliorusha hakuwa amewalea.

Anyelwisye akakifunga kitabu, akamuuliza kwa upole kama ana pa kulala. Roda akaunyanyua udongo wake, akasema anarudi Tunduma. Simuni Lwitiko alikuwa bado anaongea, anambembeleza, akieleza kwamba vijana wa Dar wanampenda Sadoki kuliko madude yote, na wameshamuua mara nyingi.