Kona Niliyoimwagia Maji

Mimi darasa la tano sikulimaliza, lakini leo nina malori mawili na nyumba ya ghorofa pale Keumbu, na waliosoma ndio huniletea barua za kuomba kazi. Akili hii sikuipata shuleni. Nilizaliwa nayo, na mara ya kwanza niliitumia kwenye mashindano ya magari makuukuu.

Magari hayo yalikuja upande wetu wa Nyamira mara chache kwa mwaka. Yalikuwa mikebe, bwana: vioo hakuna, milango imefungwa kwa waya, nambari imepakwa kwa rangi ya nyumba. Yalizunguka malisho yaliyokuwa chini ya kituo cha kuuzia majani chai, na kugongana hakukuwa kosa. Sisi tulienda kuona hayo hayo. Na kwa sababu udongo wetu ukilowa huteleza kama mrenda, kulikuwa na desturi. Gari likishindwa na matope, dereva alichagua mtazamaji mmoja akamkalisha nyuma awe mzigo, ili tairi zishike ardhi. Aliyebebwa hivyo alitembea kijijini mwezi mzima kama chifu.

Nilikitaka kiti hicho kuliko Krismasi.

Siku hiyo jua likawaka tangu asubuhi, njia ikakauka. Hakuna matope, hakuna mzigo. Wenzangu wakanuna. Mimi nikachukua mtungi wa nyanya yangu, mama yake baba, nikashuka chemchemi, nikapanda, nikamwaga maji kwenye kona iliyopakana na shamba lake la mboga. Safari tisa! Kisha nikanawa uso na kusimama pale pale, kama abiria aliyekata tiketi.

Gari la kwanza kufika lilikuwa la Mhindi mmoja mwenye duka la vipuri mjini Kisii. Tulimpenda kuliko madereva wote kwa sababu alitukana kwa Ekegusii safi. Likapinda, likageuka matako mbele, likaingia moja kwa moja kwenye chinsaga, zile mboga chungu za nyanya yangu, na kulaza mistari mitatu ya mboga.

"Sukuma, kijana!" akapiga kelele.

Nilisukuma kama fahali, matope yakinirukia mpaka kwenye meno. Gari likarudi njiani, lakini pale kwenye kona yangu tairi zikazunguka bure.

"Nataka mzigo," akasema.

"Mzigo ni mimi!" Mguu mmoja ulikuwa ndani tayari.

Akanitazama toka juu hadi chini. "Wewe? Hata kuku wangu anakushinda uzito. Shuka!"

Wakati huo nyanya alikuwa ametokea na jembe mkononi kuulizia mboga zake. Nyanya yangu alikuwa mwanamke wa kujaza mlango. Dereva alipomwona, akavua kofia.

"Magokoro," akamwita, jina letu la heshima kwa nyanya, "panda, tafadhali."

"Nipande niende wapi, na mboga zangu umezilaza?"

"Raundi tatu tu. Mboga nitakuja kuzipanda tena kwa mikono yangu."

Nyanya akalitazama gari. Akanitazama mimi. Akanipa jembe.

"Shika hii. Na usisimame njiani, utagongwa."

Alipokaa, gari likachuchumaa, tairi zikauma udongo, wakaondoka. Raundi ya kwanza alikuwa amefumba macho, leso imefungwa chini ya kidevu. Raundi ya pili alikuwa anampiga dereva begani: "Mgonge huyo! Huyo wa buluu, mgonge!" Raundi ya tatu yule wa buluu alikuwa mtaroni. Walimaliza wa pili, lakini nyanya hakuwahi kukubali kwamba kuna aliyewatangulia.

Niliwaambia wenzangu kwamba mpango wote ulikuwa wangu. Wakacheka, wakaenda kumshika nyanya mkono.

Mashindano yaliyofuata, gari lile halikungoja kuteleza. Lilikuja moja kwa moja hadi boma letu na kupiga honi. Nyanya alitoka amevaa viatu vya kanisani.

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe kula kwanza, mjukuu wangu. Kula."

Basi nikala, na nikiamua kitu sifanyi nusu nusu. Lakini nilipofikisha uzito wa kubebwa, malisho yale yote yalikuwa yamepandwa chai.