Kiti cha Maganda ya Kahawa

Siku niliyoshuka Kitai naikumbuka kwa magoti, mwanangu. Nilikuwa nimetoka Singida na kichwa cha cherehani mapajani. Nililala Iringa, nikalala Njombe, nikabadili basi Songea, na kila basi lilipodunda nilikikumbatia kama mtoto mwenye homa. Nilipotaka kusimama, magoti yakagoma. Mama muuza viazi vya kuchemsha akanitazama, akasema, "Pole kaka. Umesafiri na cherehani, au cherehani imesafiri na wewe?"

Nilikuwa kijana, kidato cha nne nimemaliza, sina mke wala shamba. Nilisikia kwamba watu wa Mbinga wakishauza kahawa hushona nguo mpya za Krismasi. Lakini nisikudanganye, hata bila kahawa ningekwenda. Nikiona kilima, nilitaka kujua nyuma yake kuna nini.

Nilipata chumba Mkumbi, kwa Bibi Kanisia, mjane aliyeishi na mkwewe, Mama Editha, na mjukuu wake Editha. Huyo Editha alikuwa na akili kali na mdomo mkali zaidi. Aliiga Kiswahili changu chenye lafudhi ya Kinyaturu mpaka wateja wakasahau walichokuja kushona. Ila mgongo wake haukuwa na nguvu. Ukimweka kwenye benchi, anajikunja upande mmoja na kuanguka taratibu. Ili asianguke ilibidi ajishikilie kwa mikono yote miwili, na mtoto aliyejishikilia hawezi kushika penseli.

Mwalimu wa darasa la awali alikuja mwenyewe kuzungumza. "Mama Editha, mimi Januari nampokea kwa moyo mmoja," alisema. "Lakini darasa limejaa, siwezi kumshika mgongo mchana kutwa. Mtafutieni namna ya kukaa."

Mama Editha aliitikia kwa kichwa, akaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Nikakumbuka kwamba nilipokuwa Singida niliwahi kuletewa kiti cha ajabu nikishone kilipopasuka. Hakikuwa na miguu wala mbao. Kilikuwa mfuko mkubwa uliojaa vipunje vyeupe, vyepesi hata upepo ukavitawanya uwanja mzima. Ukiukalia, unakupokea. Nikajiuliza: hapa Mkumbi, vipunje vyepesi nitavitoa wapi?

Nilijaribu pumba za mbao, zikawa nzito na zikavuta unyevu. Nilijaribu sufi, ikashikamana ikawa godoro. Kisha nikapita penye mashine ya kukobolea kahawa, nikaona lundo la maganda limetupwa nje. Nikatumbukiza mkono. Ni makavu, mepesi, yanateleza, na yanasema shaa, kama mvua ya mbali. Nilicheka peke yangu pale, mtu akaniuliza kama nimeokota kitu.

Nilikata turubai kuukuu la lori vipande virefu, vipana katikati na vyembamba juu, nikaviunganisha kwa mshono wa kurudia. Ndani nikatia mfuko wa pili wa kitambaa cha marekani ili maganda yasimchome mtoto, na juu kabisa kitenge alichochagua Editha, chenye kuku. Majirani walikuja kutazama.

"Fundi, unamshonea tembo suruali?"

"Huyo tembo ana mguu mmoja?"

Siku ya kujaza, wanaume wawili walinisaidia, wakayashindilia maganda kwa mti kama wanavyojaza gunia la mahindi. Kule gunia lililolegea ni aibu ya nyumba. Gunia huwa lumbesa, limevimba mpaka linashonewa kofia. Nami nilivimba nalo. Kiti kilisimama kama kichuguu.

Tukamweka Editha juu. Akateleza. Tukamweka tena, akabiringika upande wa pili, tukamdaka. "Mimi si gunia la kupakia!" akalia kwa hasira. Mama yake akambeba, akaingia ndani, na hakuna aliyefanya mzaha tena.

Krismasi ilikuwa inakaribia. Bibi akaniambia, "Fundi, leo acha cherehani ipumue. Twende tukapande mahindi."

Shamba lao lilikuwa kwenye mteremko mkali, limechimbwa ngoro. Hayo ni mashimo yanayopangwa bega kwa bega, na mimea hupandwa kwenye kingo zake, ili maji yatulie shimoni yasikokote udongo. Mvua zilikuwa chache bado, mashimo makavu. Nikasikia mtu anaiga sauti yangu. Nikageuka. Editha alikuwa ndani ya ngoro, amekaa wima, mkono mmoja una kiazi na mwingine unanionyesha kwa kidole.

Mikono yote miwili, mwanangu!

Niliacha jembe. "Shikamoo bibi, samahani," nikasema kama mtu aliyefika sasa hivi. "Nani amemkalisha hivi?"

"Marahaba. Wewe si umenisalimia asubuhi? Huyo hukaa humo tangu akiwa ananyonya. Mama yake akilima, atamweka wapi?"

Nikaingia kwenye shimo la jirani, nikakaa. Kingo zilinishika mbavu na kiuno. Bibi akamwita mkwewe, "Njoo uone, fundi kajipanda! Tutavuna mafundi mwaka huu!"

Nilikuwa nimemshonea mtoto kilima, wakati yeye alihitaji shimo.

Jioni nikafungua mshono, nikaanza kuchota maganda kwa bakuli. Mama Editha akasimama mlangoni.

"Unayapunguza? Unampa mwanangu gunia pungufu?"

"Mama Editha, subiri kidogo."

"Watu wameshasema ya kutosha juu ya mtoto huyu, fundi. Sasa waje waseme hata kiti chake kimesinyaa?"

Niliendelea kuchota mpaka kiti kikalegea, nikakibonyeza katikati kwa goti. Mama mwenyewe ndiye aliyemweka Editha. Maganda yakasema shaa, yakapanda ubavuni kwa mtoto, yakatulia. Tukaondoa mikono yetu. Editha akanyakua futi yangu shingoni, akaanza kumpima mama yake pua.

Januari Mama Editha alimbeba mtoto mgongoni na kiti kichwani, nami nikawasindikiza. Mwalimu alimpa nafasi mbele. Mama akasimama pembeni, tayari kudaka. Akasimama sana. Mwishowe Editha akainua macho kutoka kwenye karatasi: "Mama, nenda nyumbani. Unanizibia ubao."

Tulirudi nyumbani. Njiani yule mama alikuwa analia na kucheka, hakujificha.

Siku chache baadaye nilifunga cherehani yangu, nikateremka kuelekea ziwani, Ngumbo, maana nilitaka kuona maji yale yaliyong'aa chini ya milima. Sikurudi tena Mkumbi.

Sasa nina miaka arobaini na zaidi, nawe umeanza kuwatendea watu mema, ndiyo maana nakueleza. Unapomsaidia mtu, usimjazie kila kitu mpaka akose pa kuingia. Usiogope majirani wakisema umetoa pungufu. Mtazame kwanza anapokaa vizuri bila wewe, ujifunze hapo. Kisha ondoa mkono wako, hata kama moyo unakataa.

Mungu aibariki kazi yako, mwanangu, akupe macho ya kuona kabla ya kukata. Na popote utakapofika, umkute mtu aliyekuachia nafasi.