Mpiga Mbizi na Jiko la Mkaa

Juzi nilikuwa kwa fundi saa pale Maili Moja, nasubiri mkanda. Kijana mmoja akaweka mezani saa kubwa kama kifuniko cha sufuria, akaomba betri. Akatutambia kwamba kazi yake ni kupiga mbizi na watalii, na saa hiyo humwonyesha hewa iliyobaki kwenye mtungi wa mgongoni, bila waya wala mpira.

"Ile geji ya zamani ya kupimia hewa, yenye mpira, nimeing'oa," akasema. "Mambo ya kizee."

Mama mmoja aliyekumbatia saa ya ukutani akamtazama kuanzia viatuni.

"Mwanangu, mimi napikia gesi, lakini jiko la mkaa liko hapo hapo pembeni. Gesi ikiisha maharage hayajaiva, nahamia kwenye mkaa. Wewe saa yako ikizima huko chini, unahamia wapi?"

"Hii haizimi, mama."

Fundi akainua kichwa. "Sasa hapa umeniletea nini, mdogo wangu?"

Kijana akageukia ukutani, akapiga simu: "Oya, ile geji niliyong'oa mmeitupa? Itafuteni!"

Mimi mbizi yangu haivuki beseni, nikacheka hadi nikakohoa. Halafu nikakumbuka kuwa jiko langu la mkaa nilimgawia jirani siku niliyonunua gesi, kwa maneno yale yale: mambo ya kizee.

Jioni nikaenda kuliomba. Jirani akaniambia nisubiri kwanza maharage yaive.