Sukari Iliyokosekana

Mama yangu aliteremka kutoka Walungu na chupa ya dawa ya mizizi na neno moja: Jumapili baba zangu wadogo watakuja, mke wangu arudishwe kwao Mumosho, nao wadai ng'ombe wetu wa mahari. Kwetu mwanamke asiyezaa hurudi kama sufuria iliyovuja. Mke wangu alikwisha kupimwa na kuonekana mzima, lakini mama alisema mashine hudanganya. Kila jioni alimsimamia anywe dawa ile mpaka kikombe kiishe.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Juma lile nilikwenda hospitali kwa siri, kwa hofu tupu.

Waliniambia nilete mbegu zangu za kiume kutoka nyumbani, ndani ya kikopo, nacho kisipoe. Nikakibana kwapani chini ya koti, nikapanda pikipiki. Mlima wa Kadutu ulikuwa matope matupu, tukateleza, nami nikasali Baba Yetu bila kuinua mkono.

"Papa, mukono inakuuma?" dereva akauliza.

"Endesha tu!"

Niliporudi kuchukua majibu, daktari alifunga mlango kwanza.

"Papa, mbegu haiko hata moja. Tulipima na sukari ya mule ndani ya maji. Nayo haiko."

Akanieleza kwamba maji ya mwanaume yana sukari yake, hutoka kwenye tezi za ndani na kulisha mbegu. Vyote viwili vikikosekana, mara nyingi njia imeziba, au tezi hazikuumbika tangu tumboni. Mimi, muuza sukari wa sokoni! Aibu ilinichoma masikio. Nikashuka kwa miguu, nikitunga uongo na kuutupa njiani.

Nilipoingia nyumbani, mama alikuwa amekwisha kumimina. Mke wangu alikuwa amefumba macho, kikombe mkononi. Nikamnyang'anya, nikapiga funda moja. Sikuwahi kuionja dawa ile. Chungu kama shubiri, machozi yakanitoka.

"Weye! Hiyo ni ya wanamuke!" mama akapiga kelele.

"Maman, mugonjwa ni mimi. Docteur amenipima. Bibi yangu iko muzima. Dimanche, batonton bakikuja kudai ng'ombe, nitabaambia nabo."

Mama akakaa kitini, chupa mapajani. Nikataka kuweka kikombe mezani, kikiwa bado nusu.

Mke wangu akakichukua, akanirudishia mkononi taratibu.

"Maliza," akasema. "Mimi nilikuwa namalizaka kila jioni."