Mrina Asali Aliyegoma Kwenda Dodoma

Siku yangu ya kwanza kazini, muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume alinikabidhi jagi la kupimia mkojo. Nilinuna. Nilikuwa nimetoka chuoni nikiota chumba cha upasuaji.

"Binti, mgonjwa mahututi akiacha kukojoa, niite mbio," aliniambia. "Figo zinaweza kusimama ghafla, na wala asisikie maumivu."

Nilijifunzia humo humo, Itigi, treni zikipiga honi nje. Mgonjwa mmoja aliletwa amekauka kwa kuhara. Mwingine alikuwa na malaria kali, mwingine maambukizi yaliyoingia kwenye damu hadi presha ikashuka, damu isifike vizuri kwenye figo. Baadaye nilihamishiwa Kiomboi, wodi ya wazazi, nikayaona hayo hayo kwa akina mama waliotokwa damu nyingi. Kisha nikarudishwa Itigi, safari hii mkuu wa wodi nikiwa mimi.

Ndipo akaletwa mzee Chilongola, mrina asali, ameshambuliwa na kundi zima la nyuki porini. Uvimbe ulipopungua akaomba ruhusa aende zake. Lakini mkojo wake ulikuwa kidogo mno, na rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea. Daktari mfawidhi akamweleza kwamba sumu imeharibu misuli, mabaki yake yanaziba figo. Lazima akasafishwe damu kwa mashine, Dodoma.

"Siendi," mzee akasema. "Nyuki wananiuma tangu utotoni. Nirudisheni nyumbani."

Nilimsihi, akageukia ukutani. Mkewe, Mama Neema, akaketi kitandani.

"Baba Neema, miaka yote hii sijakuomba kitu. Leo naomba. Usiniache mjane kwa ubishi tu."

Mzee akauliza viatu vyake viko wapi.

Walikwenda. Kila nilipopiga simu Dodoma, jibu lilikuwa: bado yuko kwenye mashine, figo hazijaanza kutoa mkojo. Nilishaanza kukata tamaa. Mchana mmoja Mama Neema akanipigia mwenyewe, sauti imepanda: "Sista, amekojoa! Amekojoa mwenyewe!"

Sasa nimestaafu. Wapo wengi ambao hatukuwawahi, na bado nawataja kwenye sala. Lakini wajukuu wakiniuliza kazi ile ilikuwa na raha gani, nawasimulia simu hiyo: nilivyosimama katikati ya wodi, mkuu mzima, nikapiga vigelegele, na wagonjwa vitandani wakanipigia makofi bila kujua tunamshangilia nani.